Kirusi Nilichokileta Nyumbani

 Mwaka huu mlezi wetu alitutaka kila mmoja aandike kisa cha kweli kilichomfika yeye mwenyewe, si vile vya ajali na majambazi tulivyozoea kuvibuni. Nimejikuna kichwa siku tatu nzima, kwa sababu kisa nilicho nacho kinaniumbua. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, basi naanza.

Nyumbani kwetu hapa Voi tuna kompyuta ya mezani. Si mpya. Baba, ambaye ni dereva wa malori ya kwenda Malaba, aliinunua Nairobi mwaka wa 2021 kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa, akaileta imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Ilikuwa na Windows 7. Mama aliipokea vile akina mama wa mtaa wetu wanavyopokea kila kitu cha thamani. Aliifunika kitambaa cha kufuma, na juu yake akaweka maua ya plastiki. Mwaka mzima kazi yake kubwa ilikuwa kufunuliwa wageni wakija na kufunikwa wakienda.

Mimi ndimi niliyeitoa kwenye usingizi huo. Mama ni mweka hazina wa chama cha wanawake 22 (msikichanganye na chama chetu cha Kiswahili). Kila Jumapili baada ya kanisa hukutana chini ya mwarobaini wa mwenyekiti, kila mmoja anatoa shilingi 200, wengine wanakopa, wengine wanalipa, kisha mwisho wa mwaka wao wanagawana. Sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Hesabu zilikuwa zikiandikwa katika daftari la kaunta lenye jalada jeusi, ambalo kurasa zake zilikuwa zimeanza kunuka mafuta ya taa. Nikamwambia Mama kwamba hayo ni mambo ya kale. Nikamchorea jedwali kwenye kompyuta, majina upande huu, tarehe upande ule, na jumla inajitokeza yenyewe chini. Mama alikodoa macho kama aliyeona miujiza. Kuanzia Jumapili ya tarehe 12 Januari 2025, daftari lilistaafu.

Kulikuwa na sharti moja. Mama hakutaka hesabu za watu zikae ndani ya mashine. "Kila anayepita hapa anaweza kubonyeza," alisema. "Siri ya watu ni siri ya watu." Kwa hiyo hesabu zote zilikaa kwenye flashi moja nyekundu, na ile flashi ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, kabatini, chini ya kanga zake. Kaka yangu aliye chuoni Nairobi alinionya kwa simu nitengeneze nakala nyingine na kuiweka mahali pengine. Nikasema sawa. Sikutengeneza. Alinionya pia nisichomeke flashi za ovyo kwenye mashine hiyo, kwa maana Windows 7 iliachwa kuhudumiwa Januari 2020, na programu ya kinga tuliyokuwa nayo muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Kweli, kila tulipoiwasha kulikuwa na kijidirisha chekundu kikituomba kitu fulani, nasi tulikuwa tukikifunga kama mtu anavyomfukuza nzi.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Mazingira na hatukuwa na masomo. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikwenda saiba moja mjini kuchapisha shairi langu la mashindano, nikiwa na flashi yangu ya shule. Niliporudi nyumbani nikaichomeka kwenye kompyuta yetu. Lo! Kila folda ilikuwa na kimshale kidogo kilichopinda, pale kwenye kona. Nikashangaa, lakini nilipobonyeza, folda ilifunguka na shairi langu lilikuwa pale pale, beti zote sita. Nikajiambia kwamba kama mambo yangu yapo, kimshale kinanihusu nini? Ndani ya moyo wangu, hata hivyo, kulikuwa na kisauti kikininong'oneza kwamba nimefanya lile nililokatazwa. Nikaizima mashine, nikaifunika kitambaa, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma kuyachota.

Jumapili jioni Mama alirudi kutoka chamani akiwa na uso mkunjufu. Ilikuwa Jumapili ya 40 na ya mwisho. Jumamosi inayofuata, tarehe 18, wangegawana. Tukachomeka flashi nyekundu. Mbele ya macho yangu, kama mzaha, vile vimshale vikajitokeza kimoja kimoja juu ya folda za chama. Nilihisi tumbo likinikata. Mama, ambaye huona kila kitu isipokuwa vitu vya kompyuta, aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema nimechoka. Jedwali lilifunguka, nikaingiza michango ya siku hiyo, na jumla ikatoka. Mama akanipa flashi na shilingi 300, akaniambia kesho nikitoka shule nipitie mjini nichapishe karatasi 22, kila mwanachama apate yake.

Jumatatu hiyo nilipitia kwa fundi mmoja karibu na stendi, ambaye pia huchapisha. Mashine yake ilikuwa na kinga kali. Alipochomeka flashi tu, ilipiga kelele kama king'ora, maandishi mekundu yakajaa, kisha ikatangaza kwamba imeangamiza vyote vilivyokuwa vibaya. Fundi akatabasamu. Akaifungua flashi ili achapishe.

Ilikuwa tupu. Tupu kabisa, nyeupe pe, kama uwanja wa shule siku ya likizo.

"Siste, hii imeliwa," fundi alisema bila huruma wala ubaya, kama mtu anayekuambia basi limeondoka. Akanionyesha kwamba hata vitu vilivyofichwa ameamuru vionekane, na bado hakuna kitu. "Mimi naona tuifomati tu. Na hiyo mashine ya nyumbani uilete, nitafuta kila kitu niweke Windows upya. Elfu moja na mia tano, bei ya mwanafunzi."

Wasomaji, mnisamehe nikiwaeleza kilichonipitia akilini wakati huo, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo. Sikuwaza kuhusu kompyuta. Niliwaza kuhusu yule mama aliyekuwa mweka hazina kabla ya mama yangu. Alitolewa mwaka wa 2023 kwa maneno ya shilingi 6,400 ambazo hazikuonekana. Hakushtakiwa, hakupigwa. Ila akina mama walianza kunyamaza akipita, na baada ya miezi michache akahama mtaa pamoja na watoto wake, mmoja wao akiwa rafiki yangu wa darasa la nane. Hata leo sijui kama alizila ama hesabu tu ilimpotea. Na sasa sanduku la wanawake 22 lilikuwa na shilingi 176,000 za michango, ukiacha riba ya mikopo, na hakukuwa na karatasi hata moja duniani ya kuonyesha nani alitoa nini. Daftari nilikuwa nimelistaafisha mimi.

Ni kwa sababu ya woga huo, si kwa sababu ya akili, kwamba niliendelea kukitazama kioo cha fundi badala ya kuondoka. Alikuwa amefungua kile kidirisha kinachoonyesha ukubwa wa flashi, chenye duara. Sehemu kubwa ya duara ilikuwa haijatumika. Lakini palikuwa na kijisehemu cha buluu, chembamba kama kipande cha mua, na kando yake imeandikwa kwamba MB 38 zimetumika.

"Kama ni tupu," nikamuuliza, "hizi 38 ni za nani?"

"Hizo ni takataka za kirusi."

Sikujua mengi, lakini nilijua kwamba picha za mikutano ya chama nilizoziweka humo zilikuwa nzito, na sikuamini kuwa kirusi kinachoweza kujificha nyuma ya kimshale kitakuwa na uzito wa picha. Nikaiomba flashi yangu. Fundi aliguna, akanipa. Sikumlipa kitu naye hakudai, na hapo namshukuru.

Nyumbani nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia Mama kwamba flashi imekataa kufunguka. Mama akakaa kimya, kisha akamgeukia mdogo wangu wa kiume, aliye gredi ya tano, ambaye kila Jumamosi hucheza mchezo wa magari kwenye mashine ile. "Ni wewe na magari yako! Si nilikwambia hiyo mashine si ya kuchezea?" Mtoto akaapa kwa Mungu na mbingu kwamba hajagusa flashi ya mtu. Hakuna aliyemsikiza. Alinyimwa mashine hadi Krismasi na akapewa kazi ya kuosha vyombo wiki nzima. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika mwiko, nakoroga sima. Sikusema neno.

Jumanne, kipindi cha michezo, nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta na kumweleza kila kitu isipokuwa sehemu ya mdogo wangu. Hakushangaa hata kidogo. Alisema ugonjwa huo ni mkongwe na ameuona kwenye flashi za walimu wenzake mara zisizo na hesabu. Kirusi cha namna hiyo hakili kitu. Kinaziwekea folda zako alama ya kufichwa, na juu ya hapo alama ya kuwa ni mali ya mfumo wa mashine, ndiyo maana hata ukiamuru vilivyofichwa vionekane, hivyo havionekani. Kisha kinaweka vimshale vyenye majina yale yale. Ukibonyeza kimshale, mambo mawili yanafanyika kwa pamoja. Kirusi kinajiwasha, na folda yako halisi inafunguka ili usishtuke. Programu ya kinga ikija, inafagia kirusi na vimshale vyake, lakini zile alama haiziondoi. Ndipo unapoona jangwa.

Kwa hiyo fundi hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka tu.

Mwalimu alifungua kile kidirisha cheusi cha maandishi, akaniambia niandike mwenyewe huku akinitajia herufi:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

G ilikuwa jina la flashi kwenye mashine ile. Zile alama za kutoa zinaondoa hali ya kufichwa, ya kusomwa tu, na ya kuwa mali ya mfumo. /s inaiamuru iingie ndani ya kila folda, na /d isiache folda zenyewe. Nikabonyeza. Hakukuwa na mlio wala mbwembwe. Kidirisha kilitulia kidogo, halafu mstari mpya ukatokea kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mwalimu akaifungua flashi.

Folda ya chama. Folda ya barua. Folda ya picha. Sikuweza kujizuia, machozi yalinitoka njia mbili mbili, na wavulana wa kidato cha nne waliokuwa wakifanya mradi wao wakadhani nimefiwa.

Ili ninyamaze, nadhani, mwalimu alianza kunisimulia habari za virusi vya zamani. Nilizipenda sana. Mwaka wa 1982 huko Marekani, kijana wa miaka 15 aitwaye Rich Skrenta alitunga kirusi cha kompyuta za Apple II kilichoitwa Elk Cloner, kikawa kinasafiri kwa disketi za rafiki zake na kuwaonyesha shairi kila wanapowasha mara ya 50. Miaka kumi na mitano! Mimi wakati huo nilikuwa na umri huo huo na nilishindwa hata kuondoa kimshale. Mwaka wa 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitunga kingine kiitwacho Brain, na humo ndani wakaandika majina yao, anwani ya duka na nambari ya simu. Na Mei 2000 kikatoka Ufilipino kile kilichojifanya barua ya mapenzi, kikazunguka dunia kwa siku chache, na aliyeshukiwa akaachiliwa kwa kuwa wakati huo nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Hadi leo sijaelewa wale ndugu wa Lahore walikuwa na nia gani, kuandika simu yako ndani ya kitu ambacho watu watakichukia.

Siku hiyo hiyo, tarehe 14 Oktoba 2025, alisema mwalimu, Microsoft walikuwa wanaacha huduma ya kawaida ya Windows 10, kwa hiyo hata mashine za shule yetu zimeingia kwenye safu ya wazee. Alinipa CD yenye programu ya kinga. Alichagua CD kwa sababu ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena, hivyo kirusi cha nyumbani hakiwezi kuiparamia. Akaniandikia kwenye karatasi mahali pa kutazama.

Jioni hiyo nilimwita Mama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Nilisema yote. Saiba, kimshale, kimya changu cha Ijumaa, na kimya changu cha Jumatatu ambacho kilikuwa kibaya kuliko cha Ijumaa. Mama alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa kimoja kimoja.

"Virusi," alisema. "Kwani hicho kitu kinaugua?"

"Ndiyo, Mama. Kwa namna yake."

"Na wewe ulijua tangu Ijumaa kinaugua, ukanyamaza." Alinitazama kwa muda. "Mficha maradhi, mwanangu. Malizia."

"Kifo humuumbua."

"Basi. Nenda kamwambie mdogo wako. Mimi nitaongea nawe kesho."

Sitaandika jinsi ilivyokuwa kumwambia mdogo wangu. Alinisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya karai la vyombo, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo ulikuwa unaniona nikiosha?"

Jumatano usiku niliitibu mashine. Nilifungua orodha ya programu zinazoendeshwa chinichini, nikaikuta ile mwalimu aliyoniandikia, wscript.exe. Yenyewe si mbaya, ni mtumishi wa Windows, lakini ilikuwa imetumwa kazi na kijifaili kilichojibanza mahali pa vitu vinavyojiwasha pamoja na mashine. Nikaisimamisha kwanza, nikafuta kijifaili, nikawasha upya, kisha nikaweka ile CD ichunguze kila pembe. Ilipofika asilimia 61, giza! Tokeni ya stima ilikuwa imekwisha. Mama alinunua nyingine kwa simu bila kusema neno, nami nikaanza upya kutoka sifuri, nikakaa hadi saa saba za usiku. Mwisho nikajaribu kwa flashi yangu ya shule, niliyokuwa nimeisafisha. Nikaweka folda moja yenye jina la "Chambo", nikaitoa, nikaichomeka tena. Kimshale hakikutokea. Nikarudia mara tatu kama mtu asiyeamini kwamba mlango umefungwa.

Mazungumzo ambayo Mama aliniahidi yalikuwa mafupi. Alhamisi aliniwekea mezani daftari jipya la kaunta, jalada jeusi, na kalamu mbili. Majina 22, Jumapili 40. Nilipiga hesabu nikapata mistari 880, ukiacha mikopo. Niliandika usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa hadi kidole kikafanya sugu.

Na hapo, wasomaji, ndipo nilipokutana na kitu ambacho si kirusi wala fundi angekiona. Kwenye Jumapili ya tarehe 18 Mei, mbele ya jina la mama mmoja mwuza samaki, niliandika 20. Si 200. Ni kidole changu kilichoruka sifuri, na mashine ikajumlisha kwa utiifu kama ilivyoambiwa. Nilimwamsha Mama. Alikaa kitandani, akafikiri, kisha akafungua lile kopo la majani ya chai na kutoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na shilingi 180. Tangu Mei, kila akifunga hesabu zilizidi shilingi 180 zisizo na mwenyewe, naye alikuwa amezitenga kando akingoja mwenyewe ajitokeze.

"Mashine yako haikuliona hili?" aliuliza. Hakuwa anacheka, ila nusu ya uso wake ilikuwa inacheka.

Jumamosi walikaa chini ya mwarobaini. Mama alisimama mwenyewe, akaeleza habari za flashi bila kunitaja, akaeleza habari za shilingi 20 na za bahasha, akampa daftari mwenyekiti asome kwa sauti. Ilichukua saa mbili na nusu. Mama mwuza samaki alisema yeye hata hakujua kama alipunguziwa, akapewa shilingi zake 8,000 kamili na riba kama wenzake. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nilipomfikia mwenyekiti alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kidole changu chenye sugu, akaniachilia.

Siku hizi Mama anaandika kwenye daftari, mimi naandika kwenye kompyuta, na Jumapili usiku tunasomeana jumla. Flashi ni mbili, na ile ya pili inakaa kwa jirani.

Mdogo wangu alidai fidia. Adhabu yake ilifutwa, lakini alisema vyombo alivyokwisha kuviosha havioshuki kinyume, kwa hiyo nimsafishie viatu vya shule hadi shule zifungwe. Nikakubali upesi, kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku chache tu. Zilipofungwa akaniambia alimaanisha mwaka huu. Ninapoandika haya viko pale mlangoni, vimejaa vumbi jekundu la Voi, na mwenyewe anachungulia aone kama nitaanza na cha kushoto.